Kusapu, kudisko, kuklaki: mnaoanza MD mwaka huu msitishwe na maneno

Majina ya udahili yakishatoka tu, wadogo zetu waliochaguliwa MD, yaani digrii ya udaktari, wanaungwa kwenye magrupu ya WhatsApp na kitu cha kwanza wanachokutana nacho ni vitisho. Utasikia "pale watu wanadisko kama hawana akili nzuri", "anatomi inaua", "ngoja ukasapu ndo utajua". Mtoto hata begi hajafunga ameshaanza kukosa usingizi. Mi naona huu utamaduni umepitwa na wakati, so ngoja niwaeleze haya mambo yalivyo.

Kusapu ni kufeli somo ukarudia mtihani wake wakati wenzako wako likizo. Inauma, inakula hela na muda, ila ukiifaulu unaendelea na mwaka na baadaye hakuna mgonjwa atakayekuuliza. Kudisko ndo kuondolewa chuo kabisa kwa kushindwa masomo, hilo ni zito kweli na sitalifanya dogo, ila mara nyingi haliji usiku mmoja, linaanza kwenye testi za katikati ya semista ambazo mtu alizidharau akisema nitajikomboa kwenye UE. UE ni mtihani wa mwisho, ukiingia na kozi weki (alama za zile testi) mbovu unajitafutia presha. Desa ni notsi na pasti pepa mnazorithi kwa waliotangulia, zichukue, zisome, ila zisikuzuie kufungua kitabu. Bumu ni hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka lipa kodi ya hosteli na chakula kwanza.

Miaka miwili ya mwanzo ni anatomi, fiziolojia, baiokemia na ndugu zake. Hapo ndo utakutana na kadava, yaani mwili wa marehemu mnaojifunzia. Fomalini itakuchoma macho na pua, utazoea. Nisichotaka uzoee ni utani mle ndani, kuwapa majina ya ajabu, kupiga picha za kurusha status. Yule alikuwa mtu, na katika walimu wako wote ndo anayekupa kila alichonacho, naomba sana mumheshimu. Halafu kuna ospe, mnapangwa stesheni, kwenye kiungo kuna pini yenye namba, unaandika jibu, kengele inalia unahamia inayofuata uwe umemaliza au hujamaliza. Dawa yake ni kurudi maabara mara kwa mara na kushika vitu kwa mkono, picha za kwenye simu hazitoshi.

Mwaka wa tatu unaingia wodini na hapo neno kubwa ni kuklaki. Kuklaki ni kukaa na mgonjwa ukamuuliza kinachomsumbua, kimeanza lini, kimeanzaje, ameshatumia nini, nyumbani wanaishije, kisha unampima na kuandika yote. Kwangu mimi hii ndo mila nzuri kuliko zote tulizonazo, kwa sababu mwanafunzi ana muda ambao daktari mwenye wagonjwa hamsini hana, na kuna vitu mgonjwa atakwambia wewe tu kwa kuwa wewe ndo ulikaa. Darasani mnasoma kwa Kiingereza ila mama wa watu atakwambia mtoto ana degedege, usimkatishe na istilahi zako, muulize alivyomwona, alikakamaa au alitetemeka, upande mmoja au wote, ilichukua muda gani, na kabla ya kuja hospitali walimpeleka wapi. Hapo ushapata nusu ya kazi.

Kuna raundi sasa, yaani kupita wodini kitanda kwa kitanda kuona wagonjwa. Spesho (daktari bingwa) au profesa mbele, marezidenti (hao ni madaktari wanaosomea ubingwa), intern ambaye amemaliza miaka mitano na yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo kazini, na nyie nyuma kabisa na makoti meupe mapya. Aliyemklaki mgonjwa anaprezenti, maswali yanafuata. Maswali ni mazuri, yanakujenga, jibu usilolijua sema hulijui. Ila ile tabia ya baadhi ya walimu kumtukana mwanafunzi mbele ya kitanda, kumwita mjinga huku mgonjwa anasikiliza, eti ndo inakomaza, mi siikubali na sitaikubali. Haikomazi, inafundisha watu kuficha wasichokijua, na daktari anayeficha asichokijua ni hatari. Na mgonjwa naye anajiuliza huyu aliyenitoa damu asubuhi kumbe hajui kitu? Kesho hamwambii ukweli tena.

Wanaosema "sisi tulipitishwa hivyo hivyo" wafikirie ni wenzao wangapi waliacha kuuliza maswali toka siku ile. Mwanafunzi amekosea? Mkosoe, tena kwa ukali kama kosa linaweza kumdhuru mtu. Mtoe koridoni, dakika mbili zinatosha, kisha mrudi wote kwa mgonjwa muendelee na raundi.