Waamuzi wawili, besi nne

Ndugu mwandishi, umeandika kuwa waamuzi wa fainali ya softiboli ya shule hapa Arusha hawaoni. Nilikuwepo. Macho wanayo, tatizo hawasemezani. Mkimbiaji alikuwa besi ya kwanza (besi ni vile vituo vinne ambavyo wachezaji huvikimbilia kwa mfuatano), mpira ukapigwa ukapita chini hadi uwanja wa kulia, naye akapitiliza ya pili kwenda ya tatu. Mwamuzi wa besi akabaki na mpigaji, sawa kabisa. Ya tatu hapo ni ya mwenzake anayekaa nyuma ya mdakaji. Huyo kasimama palepale, barakoa mkononi, anashangaa kama sisi! Vumbi lilipotulia wakamwamulia mkimbiaji yule wote kwa mpigo: mmoja "salama", mwingine "nje". Kocha gani asingeingia uwanjani?

Mkiwa wawili lazima mpaze sauti. "Naenda ya tatu!" Au wa besi akifuata mpira wa juu: "Natoka!", mwenzake ajue mpigaji sasa ni wake besi zote. Kati ya besi ni mita 18.29 tu, mambo yanakwenda haraka.

(Na yule shabiki aliyedai filimbi, mchezo huu hauna filimbi, kaka.)

Waandaaji wawape waamuzi muda wa kugawana uwanja kabla ya mechi. Wa tatu akipatikana, aongezwe.