Kabla ya kununua kisomaji, jiulize vitabu vyako vinatoka wapi

Anayetaka kifaa cha kusomea vitabu pepe huanza na kioo: kipi kina herufi kali, kipi hakiumizi macho. Nami nilianzia hapohapo, nikamaliza siku nyingi nikilinganisha vipimo visivyo na tofauti ya maana.

Vioo hivyo karibu vyote asili yake ni moja. Kampuni ya E Ink, iliyozaliwa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa maabara ya chuo cha MIT, ndiyo inayotengeneza vioo vya visomaji vya Kindle, Kobo na PocketBook. Ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, chembe hupanda au kushuka, kisha hutulia palepale bila kula chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana betri hukaa wiki kadhaa. Leo hata Kindle ya chini kabisa ina nukta 300 kwa inchi, sawa na zile za bei kubwa. Ziweke mbili karibu na dirisha mchana, uone kama utaweza kusema ipi ni ipi.

Mengine ni ya kuongeza raha. Mwanga unaogeuka rangi ya njano unasaidia sana usiku, na Kindle ya chini haina, ilhali Kobo Clara inao. Kuhimili maji ni vivyo hivyo. Kioo cha rangi mimi sijaona sababu yake kwa msomaji wa riwaya: kichujio kinachowekwa juu ya kioo hufanya karatasi ionekane ya kijivu, na picha za rangi hushuka hadi nukta 150.

Suala zito ni duka. Kindle ni ya Amazon, Kobo ni ya Rakuten ya Japani, na ukinunua kifaa umeshachagua mlango ambao vitabu vyako vitapitia kwa miaka mingi.

Mlango wa Amazon ni mpana, hilo lazima likubaliwe. Unagusa, kitabu kinashuka, ukiendelea kusoma kwenye simu unakuta ukurasa uleule ulioachia. Tena wapo waandishi wengi wanaojichapishia ambao vitabu vyao pepe haviuzwi kwingine, kwa kuwa sharti la kuingia Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa ada ya mwezi, ni kutouza toleo la kidijitali mahali pengine. Mpenzi wa kazi hizo akinunua Kobo atajuta.

Lakini mlango huo ufunguo wake hukabidhiwi. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa muuzaji hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Februari 2025 ikaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwangu hili la pili ndilo zito zaidi. Lile la kwanza lilikuwa kosa lililoombewa radhi, ila hili ni uamuzi.

Kobo inasoma faili za EPUB moja kwa moja, aina ambayo maduka mengi na hazina za vitabu vya bure hutumia. Kindle inakulazimu uitume kwanza kwa Amazon igeuzwe. Aliye mwanachama wa maktaba inayotumia OverDrive, mfumo wa kuazimisha vitabu pepe, huazima ndani ya Kobo yenyewe, bila kompyuta. Na tangu 2024 Kobo wameshirikiana na iFixit, kampuni ya miongozo ya kujitengenezea vifaa, kutoa vipuri na maelekezo, ili betri ikichoka mwenyewe aweze kuibadilisha. Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi: vitabu vingi vinavyouzwa humo navyo vina kufuli ya kidijitali, na duka lake ni dogo kuliko la mwenzake.

Ningeshauri hivi. Andika vitabu kumi vya mwisho ulivyosoma na pembeni mwa kila kimoja ulikokipata. Vikiwa saba au nane vimetoka Amazon, chukua Kindle. Vikiwa vimetoka huku na kule, vingine vya kuazima, vingine faili ulizotumiwa na rafiki aliyeziandika mwenyewe, Kobo au PocketBook itakupunguzia kero kila wiki.

Na orodha yako ikijaa PDF zilizopigwa picha kutoka vitabu vya karatasi, usinunue kifaa cha inchi 6 cha kampuni yoyote. Nimejaribu. Ukurasa mzima ukionekana, herufi zinakuwa kama punje za mchanga. Ukiukuza, unausukuma kushoto, unausubiri, unausukuma kulia, na mstari unakupotea kabla hujafika mwisho wake. Tafuta kioo cha inchi 10, au baki na kishikwambi ulicho nacho.