Louisville: huduma zipo, siri inavuja njiani

Mtu wa jamii ya LGBTQ anayehamia Louisville, Kentucky, akiuliza pa kuanzia hupewa orodha. Si orodha mbaya. Louisville Youth Group imekuwa ikiwakutanisha vijana tangu 1990, Fairness Campaign inapigania sheria za haki tangu 1991, Chuo Kikuu cha Louisville kina kliniki ya VVU, na Juni kuna Pride, tamasha la jamii hii, kando ya Mto Ohio. Ila orodha hiyo inamfaa mtu anayejua Kiingereza, mwenye gari, asiye na mjomba anayefungua barua za nyumba nzima. Mkongo au Mrundi aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mara nyingi hana hayo mawili ya mwanzo, na mjomba anaye.

Ndiyo maana nasema wanaotoa ushauri kwa Waswahili wa mji huu wanaanzia pabaya. Wanaeleza kituo kiko wapi. Waeleze kwanza siri inavujia wapi kabla mtu hajafika kituoni.

Inavujia kwa mkalimani. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo. Hilo limo katika kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya 2010. Lakini wakalimani wa Kiswahili mjini ni wachache, na anayekuja ana kwa ana anaweza kuwa mwalimu wa kwaya unakosali. Kisheria amefungwa mdomo, ni kweli. Wewe, hata hivyo, hutamweleza ukweli wako huku ukimtazama usoni, na daktari atatibu hadithi nusu. Kwa hiyo unapopanga miadi usiseme tu kwamba unahitaji Kiswahili. Sema unataka mkalimani wa simu, aliye nje ya Kentucky, na asitajiwe jina lako. Kampuni nyingi za ukalimani wa simu huwatambulisha watu wao kwa namba. Iandike, maana ndiyo utakayoitumia ukilalamika. Piga tena siku moja kabla ya miadi, kwa sababu ombi la namna hii hupotea kirahisi kati ya aliyepokea simu na muuguzi wa zamu. Wakikuletea skrini ya video, omba kamera igeuziwe ukutani. Mkalimani akikuita kwa neno la matusi, au Kiswahili chake cha Nairobi na chako cha Bukavu vikikataa kukutana, mwambie daktari akate simu na kuomba mwingine. Hiyo ni haki yako, wala si ufidhuli. Binamu na mtoto wasitumike kabisa, hata wakijitolea.

Inavujia pia kwenye barua. Kijana anaruhusiwa kubaki katika bima ya mzazi mpaka atimize miaka 26, na bima humtumia mwenye kadi taarifa ya huduma zilizolipiwa. Kipimo cha VVU kinaweza kuonekana humo. PrEP, dawa ya kuzuia kuambukizwa VVU, ndiyo zaidi: kidonge ni kimoja kwa siku, ila kipimo hurudiwa kila miezi 3, basi kwa mwaka kuna nafasi 4 za barua hiyo kufika mezani kwa baba. Sheria ya faragha ya HIPAA inakupa haki ya kuiomba bima itume mawasiliano yako kwenye anwani nyingine. Omba kwa maandishi, kabla ya kupima. Barua ikishachapishwa hakuna wa kuirudisha. Na kwa kuwa watu huuliza: kwa anayepokea katika ngono ya njia ya nyuma, vidonge vinafikia kiwango chake cha juu cha kinga baada ya siku 7 hivi za kumeza kila siku, kwa ngono ya ukeni ni kama siku 21.

Shuleni ni pagumu zaidi. Sheria ya jimbo inayoitwa SB 150, iliyopitishwa 2023 licha ya kura ya turufu ya Gavana Andy Beshear, inakataza shule kuweka sera ya kuwaficha wazazi habari za mwanafunzi. Lakini inamwachia mfanyakazi nafasi ya kunyamaza pale ambapo mtu mwenye busara, akiangalia historia ya nyumba ile, angeona kwamba mtoto atadhulumiwa. Kwa hiyo anayeogopa kipigo amweleze mshauri wa shule historia hiyo kwanza, kabla ya lolote lingine. Sheria hiyohiyo iliwafungia walio chini ya miaka 18 dawa za kusimamisha balehe na homoni za kubadili jinsia. Watu wazima hawakuguswa mwaka ule. 2025 ndipo sheria nyingine ya jimbo, HB 495, ilipozuia Medicaid ya Kentucky, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kulipia homoni za kubadili jinsia.

Kuhusu kazi na nyumba, Louisville ina sheria ya kupinga ubaguzi tangu 1999, na baraza la mji uliounganishwa na kaunti liliipitisha upya 2004. Inaishia kwenye mpaka wa Kaunti ya Jefferson. Anayepakia vifurushi UPS pale uwanja wa ndege yumo. Anayefanya kazi katika maghala ya Shepherdsville, mwendo mfupi tu kusini, hayumo. Huko kazini anabaki na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2020 katika kesi ya Bostock, unaokataza kumfukuza mtu kazi kwa kuwa shoga au aliyebadili jinsia, na unaomhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Akipanga nyumba huko, hana sheria ya mji ya kumkinga. Fikiria hilo kabla ya kufuata kodi nafuu.

Malalamiko ya ndani ya mji yapelekwe katika tume ya mji ya mahusiano ya watu (Human Relations Commission), na ya kazi yahesabiwe siku 180 tangu tukio. Zinazoziua kesi hizi ni ahadi za msimamizi: "subiri nitaongea nao," na miezi inakwenda. Hifadhi ujumbe wa simu na ratiba za zamu. Uliyeajiriwa kupitia wakala, andika jina la wakala na la ghala, maana kila mmoja atasema mwajiri ni yule mwingine.

Halafu kuna basi. Wageni wengi wanaishi kusini mwa mji, mikutano mingi iko katikati na katika mtaa wa Highlands, na ratiba ya TARC, mabasi ya mji, hupungua usiku. Angalia basi la mwisho la kurudi kabla ya lile la kwenda, la sivyo utaombewa lifti na mtu atakayejua unapokaa. Kwa anayeanza, kikundi kidogo cha mchana kinafaa kuliko Pride, ambako kila simu ni kamera. Kabla ya kuingia, uliza kama picha zinaruhusiwa.