Nani kasema vijana wa Kusini hawakujiongeza?

Zikizungumzwa ajira Mtwara na Lindi, jibu huja upesi: kijana ajiongeze, aache kusubiri gesi. Kuna ukweli hapo. Aliyekaa kijiweni tangu bomba la gesi lizinduliwe Oktoba 2015, akiutazamia mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, ameyaweka maisha yake mikononi mwa watu wasiomjua hata jina.

Ila wengi walijiongeza, tena mapema. Gesi ilipovuma walikimbilia uchomeleaji, umeme, ufundi bomba na udereva wa mitambo, na wazazi wakatoa pesa ya korosho kulipa ada. Hawakukosea kufikiri: bomba la karibu kilomita 500, kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam, halijengwi bila watu. Walichofichwa, au tuseme hawakuambiwa, ni kwamba watu hao wanahitajika likijengwa tu. Likishafukiwa, mchimba mtaro, mchomeleaji na dereva wa greda wanaagwa pamoja, na mtambo wa kuchakata gesi unabaki na mafundi wachache wenye uzoefu wa miaka. Gesi ndivyo ilivyo popote duniani, si Mtwara peke yake. Kumwita mzembe aliyelipia kozi kwa taarifa nusu ni kumwonea.

Na wapo waliobadili mteja bila kubadili ujuzi. Mchomeleaji wa Tandahimba au Newala, mwezi Juni mikorosho ikipuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, anaungia watu fremu za mashine za kupulizia zilizokatika. Oktoba minada ikianza, anageukia mageti na grili za madirisha, maana mkulima akishalipwa ndipo anapokumbuka nyumba yake. Huyo amejiongeza kuliko wengi wenye ajira, lakini kwao bado anahesabiwa kuwa "hajapata kazi" kwa kuwa hana kitambulisho cha kampuni shingoni. Kwa kweli naye hajatua: bei ya korosho ikianguka, mageti hayaagizwi.

Kwa hiyo kabla ya kuwahimiza vijana wajiandae kwa Likong'o, vyuo na halmashauri waseme kwa maandishi, kabla ya kupokea ada: fani hii ni ya ujenzi au ya uendeshaji, na kazi yake itadumu miaka mingapi?