Ndoo ya Pili ya Nini, Yakhe?

Hivi nani kawaambia watu kwamba kila kinachotoa povu lazima kihamishwe chombo? Siku hizi ukimkuta mtu kachachisha tembo la mnazi afanye siki, utaona ndoo mbili. Moja povu linapanda, ya pili ipo pembeni inangoja, imefunikwa kawa la ukili kama bibi harusi. Muulize ya nini. "Yakhe, siku ya pili lazima lihamishwe, nimeona kwenye simu."

Simu!

Hao wa kwenye simu wanapika bia ya shayiri, huko kwao Ulaya na Marekani kwenye baridi. Na hata wao wengi wameshaacha. Zamani waliogopa kuwa chachu ikifa na kutuama chini itatia bia harufu mbaya. Hofu hiyo ina maana kiwandani, kwenye matangi marefu ambamo chachu inagandamizwa na uzito na joto halitoki. Ndoo ya lita 20 ikikaa wiki mbili tatu pahala pa baridi, haina neno. Kinachoiharibu bia ni kule kuihamisha: ukiimimina inavuta hewa, na bia iliyokula hewa inakuwa na ladha ya boksi lililorowa. Labda uwe unataka kutia matunda, au kuiweka miezi. Kinyume cha hapo, iache ilipo.

Sasa sie tumeichukua ndoo yao tukaipeleka pasipo kazi, na penye kazi tunaikosa. Maana siki inataka chombo cha pili kwelikweli! Lakini si siku ya pili. Siku ya pili tembo bado linachemka, wewe unalisumbua la nini?

Sikiliza. Tembo likishuka mnazini limeshaanza kazi huko huko juu, kwa chachu iliyobaki kwenye kibuyu cha mgema. Hulitii hamira, hulitii kitu. Lichuje kwa kitambaa, maana nyuki na sisimizi hawakosekani, litie kwenye dumu safi, acha nafasi ya shubiri moja juu, na kifuniko kilegeze. Kilegeze! Kila siku watu wanakaza, halafu dumu linavimba kama lina mimba, likifunguliwa dari yote nyeupe. Kwa joto la Unguja siku tatu nne zinatosha. Utajua limemaliza: povu limekata, utamu umekwisha, na chini kumejaa mashapo meupe kama vidole viwili.

Hapo ndipo ndoo ya pili inapoitwa. Kwanza, hayo mashapo. Siki haitengenezwi kwa wiki moja, ni mwezi, miwili, pengine na zaidi, tena kwa joto letu hili. Chachu iliyokufa ikikaa humo muda wote huo inaoza kweli, na siki inanuka yai viza. Pili, na ndilo kubwa, hewa. Sukari kugeuka kilevi haihitaji hewa, lakini vidudu vinavyogeuza kilevi kuwa siki bila hewa havifanyi kazi, na vinakaa juu juu. Dumu, hata ukiacha ile nafasi juu, uwazi wake ni mdomo tu, ngumi haipiti. Utangoja mpaka Idi ya mwakani.

Basi chukua ndoo pana au mtungi. Kama ni plastiki, igeuze uangalie kitako: iwe ya chakula, na aghalabu ina pembetatu yenye namba 2. Isiwe ya rangi ya ukuta hata ukiiosha mara saba. Sufuria ya bati wala aluminiamu usithubutu, siki itaila. Dumu la tembo liweke juu ya meza, ndoo chini, shusha kwa mpira mwembamba, na ncha ya mpira iwe juu ya mashapo. Lita moja ya mwisho iachie, usiwe na roho mbaya. Ndoo usiijaze, kina cha shubiri moja kinatosha. Funika kitambaa cha shashi mara mbili, funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu vile vinzi vya ndizi mbivu vina pua kuliko mgeni wa wakati wa chakula. Weka kivulini penye upepo. Jikoni penye moshi, hapana.

Baada ya wiki moja mbili utaota utando juu, laini, unateleza. Huo ndio mfanyakazi wako. Watu wanauchokoa kwa kijiti kila asubuhi "kuona umefikia wapi". Ukizama unaanza upya! Ikiwa ni manyoya ya kijani au meusi, hiyo ni kuvu, mwaga yote.

Kutia siki ya zamani ili kuharakisha, wenzetu wa kwengine wanatia. Kwa Kishafi, tembo likigeuka lenyewe ni twahara, likitiwa kitu ligeuzwe lina maneno. Kamuulize sheikhe wako.

Na mgema naye. Wahenga walisema akisifiwa hulitia maji. Sijui huyu wa siku hizi anasifiwa na nani, maana maji anatia bila ya sifa. Hesabu yake ni hii: kilevi asilimia 5 kinakupa siki ya asilimia 5 ukibahatika, kwa kawaida pungufu kidogo. Akilitia maji nusu kwa nusu, unabaki na 2 na kitu. Hiyo kwa kachumbari inapita. Kwa achari ya embe, chini ya 4 usijaribu, mtungi utaota ukungu na lawama atapewa aliyekata embe.

Ikishakuwa kali na harufu ya tembo imekwisha kabisa, usiiache wazi ukasema izidi kukolea. Vile vile vidudu, kilevi kikiisha, vinageukia kuila siki yenyewe, na mwisho una maji yenye kumbukumbu. Ichuje, ipashe moto mpaka nyuzi 65 dakika kumi, isichemke, tia kwenye chupa za kioo mpaka shingoni, kaza. Hapa sasa ndipo pa kukaza.

Kisha zifiche. Jirani ana pua vile vile, atakuja kuomba "tone tu la siki", na chupa aliyoishika ni ya lita moja na nusu.