Mtoto Mkubwa Haji Mikono Mitupu

Wanaojiandaa kuasili mtoto wa miaka minane au kumi huanza na chumba: kitanda, shuka, nguo za shule. Hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye vile anavyokuja navyo mtoto mwenyewe: jina alilolizoea, ndugu aliotenganishwa nao, kumbukumbu ya mama ambaye huenda bado yu hai.

Wapo wanaotaka mtoto aanze upya, na hoja yao ina huruma ndani yake. Mtoto aliyepita kwa walezi watatu au wanne amechoka kuhojiwa na watu wenye mafaili. Apewe utulivu, wanasema, yaliyopita yasichokonolewe. Wapo watoto wanaoomba hivyo wao wenyewe. Tena familia iliyosimuliwa kila baya lililompata inaweza kumpokea kama mgonjwa, hata kununa kwake kwa kawaida kukaonekana dalili. Hofu hiyo naiona ni ya kweli.

Lakini yaliyopita hayafutiki kwa kunyamaziwa. Michael Rutter, daktari wa akili za watoto wa Uingereza, na wenzake walifuatilia watoto waliotolewa katika vituo vya kulelea watoto vya Romania baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, wakaasiliwa na familia za Uingereza. Waliokaa vituoni zaidi ya miezi 6 walipata matatizo mengi zaidi, na kwa baadhi yao yaliendelea hadi utu uzima, ingawa walikuwa wamelelewa kwa upendo kwa miaka mingi. Wengine waliokaa muda huohuo walikua vizuri. Kwa hiyo historia ya mtoto haiamui kila kitu, ila mzazi asiyeijua anapapasa gizani.

Chukua mtoto anayeficha chakula chini ya godoro. Kwa mzazi asiyejua lolote, huo ni wizi, na wizi una adhabu. Kwa aliyeambiwa kwamba mtoto huyu aliwahi kulala njaa siku kadhaa, ile ni akiba ya mtu asiye na hakika na kesho, na dawa yake ni kumwekea chakula mahali anapoweza kukifikia saa yoyote. Au yule anayekuwa mtiifu mno wiki za mwanzo, kisha ghafla anaanza kuvunja vitu na kusema, "Wewe si mama yangu." Mara nyingi anapima kama naye atarudishwa. Mzazi aliyeandaliwa ataumia vilevile, lakini hatatafuta namba ya ofisi ya ustawi usiku huohuo.

Ndiyo maana naegemea upande wa kutoifuta historia ya mtoto, kwa sharti moja: mzazi ajue yote, mtoto asilazimishwe kusimulia lolote. Neno letu lenyewe, kuasili, limebeba asili ndani yake.

Kuhusu jina nina msimamo mkali zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 8, unalinda utambulisho wa mtoto, jina likiwemo. Kifungu cha 12 kinampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mtoto wa miaka tisa ameitwa jina lake maisha yake yote. Likibadilishwa kabla hajafika, uamuzi umefanywa bila yeye. Aulizwe akishatulia, na akijibu "bado sijui", jina lake libaki lilivyo.