Dirisha tunalotaka kumwekea Bibi

Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp, kaka ameweka picha ya dirisha la vioo vya rangi niliyomtumia mwenyewe kutoka kanisani ninakosali huku Leeds, Uingereza, akaandika: "Na sisi tumwekee Bibi kama hili pale usharikani Marangu." Watu wameshaanza kutaja michango. Naomba niseme langu kabla mweka hazina hajafungua daftari.

Dirisha hilo nalijua, mwaka wa sita huu nakaa ubavuni pake. Limechorwa Dorkasi, yule mama wa Matendo 9 aliyewashonea wajane nguo, na chini watoto wameandika kwamba wamemwekea mama yao, 1903. Sura na mikunjo ya nguo imepakwa rangi ikachomwa tanurini, ule umanjano wa nywele umetokana na madini ya fedha, na kila kipande kimeshikwa kwa ukanda wa madini ya risasi. Jua likitoka, na huku si kila Jumapili, kijani cha vazi lake hutua kwenye kitabu changu cha nyimbo. Uzuri wake sibishi.

Ila siku moja nilimuuliza mzee anayeshika funguo, huyu mama alikuwa nani? Hajui. Ukoo wenyewe ulishahama. Risasi nayo ikishapita miaka mia huchoka, dirisha likavimba kama kitambi, na fundi hana budi kulishusha lote alifunge upya. Ibadani tunafika ishirini tukijitahidi. Nani atamlipa?

Bibi hana dirisha, ana wajukuu wanne wenye jina lake, maana kwetu Uchaggani binti wa kwanza humrithi jina bibi mzaa baba. Kaburi liko kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba. Desemba watoto hukalia vigae vyake wakimenya ndizi, shangazi anawafukuza, kisha anawasimulia habari zake palepale.

Lakini nasi tusijisifu. Mwaka wa kuzaliwa tulioandika msalabani tuliupatana sebuleni usiku wa kuamkia mazishi, huyu akitaja mwaka wa nzige, yule wa njaa. Sare za nusu ya shule zilipita kwenye cherehani ya Bibi, na hakuna palipoandikwa. Binti yangu ana jina lake, na walimu wa huku hulitamka kama jina la dawa. Analibeba peke yake, hana kaburi la kukalia.

Kwa hiyo mimi mchango wangu naomba ununue muda wa wazee: mtu akae nao, awarekodi, aandike, tuchape. Kwa kuandika, Waingereza wametuzidi. Ikibaki hela, vioo vije.

Shangazi kajibu kwa ujumbe wa sauti: "Kioo gani, na maparachichi ya pale kanisani yanavyoanguka?" Nimemwomba arekodi nyingine, safari hii anieleze ile cherehani ilinunuliwa wapi.